Neno « église » lilitoka wapi?



Kamata kadi yako ya uchaguzi, usome jina la inchi yetu kwa Kifaransa: République Démocratique du Congo. Katika jina hilo, neno la kwetu ni moja tu, Congo. « République » imetoka kwa Waroma, res publica, maana yake jambo la watu wote. « Démocratique » ni ya Wagiriki: demos ni watu, kratos ni nguvu. Na siku ya Mungu tunatumia neno lingine la Wagiriki tunaposema « église ». Leo tufuate neno hilo.

« Église » ni ekklesia, na ekklesia haikuzaliwa katika ibada. Miaka zaidi ya 400 mbele ya Kristo, katika mji wa Atene, ilikuwa mkutano wa raia. Walikusanyika juu ya kilima cha Pnyx, wakajadili vita, amani na sheria, kisha wakainua mikono kupiga kura. Kwa maamuzi fulani walitakiwa watu 6.000. Fundi wa viatu alikuwa na haki ya kusema mbele ya tajiri. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na mpaka leo mataifa mengi yanajisifu kwa demokrasia.

Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Mwanamke hakuingia. Mtumwa hakuingia. Mgeni, hata akikaa Atene miaka mingi na kulipa kodi, hakuingia. Tangu mwaka 451 mbele ya Kristo, mtoto wa baba Mwatene hakuhesabiwa raia kama mama yake alikuwa wa mji mwingine.

Baadaye Wayahudi wa Misri walipotafsiri Maandiko kwa Kigiriki, walitumia neno hilo kwa kusanyiko la Israeli. Mitume nao wakalichukua. Soma Matendo 19: mkutano wa mji wa Efeso unaitwa ekklesia, neno lile lile la kundi la Yesu. Mitume hawakuogopa neno la watu wa mataifa. Walichobadilisha ni mlango. Katika Wagalatia 3:28 Paulo anataja Myahudi na Mgiriki, mtumwa na mtu huru, mwanaume na mwanamke, na kusema wote ni kitu kimoja katika Kristo. Wale waliobaki inje kule Pnyx, sasa wana kiti ndani.

Je, kanisa lilishika hilo sikuzote? Hapana. Kule Korinto matajiri walikula na kushiba kwenye meza ya Bwana, na maskini wakabaki na njaa. Paulo akawakemea (1 Wakorinto 11).

Na sisi? Hata neno letu « kanisa », lililotufikia kupitia Kiarabu, mzizi wake ni kukusanya. Hakuna neno hata moja kati ya haya mawili lililoanza kwa maana ya nyumba ya matofali. Tunachanga kwa ajili ya mabati, na ni vizuri. Lakini mama aliyekimbia vita, anayesimama karibu na mlango kwa sababu hana nguo ya ibada, nani amemwonyesha kiti? Akirudi bila kusalimiwa, tumerudi kilimani Atene.

Siku ya Mungu inayokuja, angalia mlangoni kwanza. Mungu awabariki.