Dawa ya Bomba Huponya Mgonjwa, Haifufui Maiti

Katika mambo yote ya mji hakuna linalosahaulika upesi kama bomba la majitaka. Taa zikizimika, kila nyumba hulalamika. Barabara ikitoboka, wenye magari hupiga kelele. Lakini bomba lililofukiwa halina mtetezi, mpaka siku chemba inapofurika mlangoni.

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa miji maskini peke yake. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 10,000 mjini London, na bado fedha za kujenga mfumo mpya wa majitaka hazikupatikana. Kilichowashtua wakubwa ni joto la kiangazi cha mwaka 1858, pale uvundo wa Mto Thames ulipoingia ndani ya Bunge. Mapazia ya madirisha yaliloweshwa dawa ya chokaa, lakini haikusaidia. Muswada uliofikishwa Bungeni katikati ya Julai ukawa sheria tarehe 2 Agosti. Vifo vya wanyonge havikufungua hazina. Pua za waheshimiwa zilifungua.

Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya matofali chini ya ardhi, yenye urefu wa kilomita 132 hivi. Mwaka 1865 mfumo ulizinduliwa kwa shangwe, ingawa sehemu ya mashariki ya mji ilikuwa haijakamilika. Mwaka uliofuata kipindupindu kilirudi, na kilipiga huko huko mashariki. Watu zaidi ya 5,000 walikufa. Mtaa uliocheleweshwa ndio uliozika.

Miaka mia ikapita. Matofali hayaozi, lakini udongo unaoyashika hulika. Mizizi ya miti hupenya, mchanga huingia, majitaka huvuja nje, na barabara iliyo juu huanza kubonyea. Desturi ilikuwa kuchimbua mtaa mzima. Lakini mtaa wa kale una mabomba ya maji na ya gesi, nyaya za simu, maduka na milango ya watu. Gharama ya kuchimba ikawa sababu nzuri ya kuahirisha.

Mwaka 1971, katika eneo la Hackney, upande huo huo wa mashariki ya London, Mwingereza Eric Wood alijaribu njia nyingine. Mfuko mrefu wa kitambaa kinene, uliolowa gundi ya kemikali, uliingizwa ndani ya mfereji wa zamani wa matofali. Ukajazwa hadi ukabana kuta, gundi ikakauka na kuwa ngumu. Likapatikana bomba jipya ndani ya bomba kuukuu, bila mtaa kuchimbuliwa. Leo njia hiyo hutumika katika nchi nyingi.

Hata hivyo, ina masharti yake. Kwanza bomba husafishwa na kupigwa picha kwa kamera. Mfuko ukishakauka, matundu ya kila nyumba hukatwa upya kutoka ndani, la sivyo majitaka ya wenyeji hayana pa kwenda. La muhimu zaidi, bomba la zamani liwe bado limesimama. Likishaporomoka hakuna pa kupitisha mfuko, na sululu hurudi barabarani. Dawa hii huponya mgonjwa, haifufui maiti.

Hapo ndipo penye funzo kwetu sisi wakazi wa miji. Ufundi wa kuokoa mabomba ya kale upo, na umekwisha kuwa mtu mzima. Lakini ufundi haujui ramani ya mabomba iko kabati gani, wala haupangi fungu la ukaguzi katika bajeti. Hayo ni kazi ya wenye mji, na kuyadai ni kazi yetu. Tuyadai sasa, wakati bomba lingali limesimama. Tukingoja uvundo ufike kwa wakubwa, tukumbuke kwamba hupitia kwetu kwanza.