Usimbuaji wa misimbo yenye urefu tofauti

Usimbuaji wa misimbo yenye urefu tofauti ni kazi ya kurudisha data zilizobanwa katika hali ya awali, pale ambapo alama inayojirudia sana imepewa msimbo mfupi na ile adimu msimbo mrefu. Njia mashuhuri ya kugawa misimbo hiyo ni ya David Huffman, aliyeichapisha mwaka 1952.

Andika Musoma, Bunda na Butiama, majina ya sehemu za mkoa mmoja wa Tanzania: kati ya herufi 18, A inatokea mara 4, kuliko nyingine yoyote. Sasa chukua jina la mkoa wenyewe, Mara. A ipewe 0, M 10, R 11. Neno zima linakuwa 100110, yaani biti 6 badala ya 32 kwa mpango wa biti 8 kila herufi.

Hakuna nafasi kati ya herufi, lakini msimbo mmoja kamwe hauwi mwanzo wa mwingine, hivyo hazichanganyikani. Kusoma biti mojamoja hufikisha, ila kwa mwendo wa kobe. Programu makini huchungulia biti mbili kwa mpigo na kutazama jedwali: 10 ni M, meza zote mbili, 01 ni A, meza moja tu, ya pili ingoje zamu, 11 ni R.

Jedwali kubwa mno nalo hula kumbukumbu. Deflate, inayobana faili za ZIP na picha za PNG, huruhusu misimbo ya hadi biti 15. Kwa hiyo maktaba ya zlib, inayosimbua Deflate, huanza na jedwali dogo, kisha misimbo mirefu huelekezwa kwenye jedwali la pili. Picha ya JPEG ya machweo ya Ziwa Victoria, ikifunguliwa simuni Musoma, kwa kawaida nayo husimbuliwa kwa misimbo ya Huffman, yenye hadi biti 16.