Hesabu kabla ya kioo, hesabu baada ya picha

Mwaka 1840, mjini Vienna, profesa wa hisabati Joseph Petzval aliazimwa askari wa mizinga wa jeshi la Austria. Walizoea kupiga hesabu za makombora. Yeye akawapa kazi ya kufuatilia miale ya mwanga inavyopita kioo baada ya kioo. Lenzi iliyopatikana, iliyouzwa na Voigtländer, iliingiza mwanga mwingi kuliko zilizoitangulia, na mteja hakulazimika tena kukaa kama gogo kwa dakika kadhaa.

Ilikuwa na kasoro. Katikati picha ilitoka kali, pembeni ikafifia. Wapiga picha waliivumilia, maana uso wa mtu hukaa katikati.

Darubini ya Hubble haikuwa na pa kujificha namna hiyo. Ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo kikuu cha upana wa mita 2.4, kilichosuguliwa kwa ustadi wa ajabu katika umbo lisilo lake: ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban mikroni 2.2. Chanzo kilikuwa kifaa cha kupimia, ambacho lenzi yake ilifungwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Upimaji mwingine ulionyesha kasoro, ukapuuzwa!

Bahati ni kwamba picha zake zilifika duniani zikiwa namba. Wataalamu walijua kioo kinavyotawanya mwanga wa nyota moja, hivyo wakatumia programu kuurudisha ulikotoka. Kwa nyota angavu mbinu ilifaa. Kwenye vitu hafifu ilikuza chenga tu, na ukali kamili ulisubiri hadi Desemba 1993, wanaanga walipopeleka vioo vya kurekebisha.

Kilichokuwa dawa ya ajali kikageuka mpango wa kiwandani. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa G1, kamera ambayo lenzi zake huhifadhi maelezo ya kasoro zao wenyewe ili programu iinyooshe picha. Lenzi ikawa ndogo na nyepesi. Ukifungua faili ghafi kwa programu isiyosoma maelezo hayo, utaona kuta za nyumba zimebenuka.

Ubadilishanaji huo ni wa haki, ila una gharama yake: pembe zikivutwa hupoteza ukali, na kona za giza zikiangazwa huonyesha chenga. Wapiga picha za majengo ndio huiona gharama hiyo mapema.