Imani na Maarifa katika Ufugaji wa Wamaasai: Mfano wa Nyumbu na Sotoka

Simulizi ya asili ya Wamaasai hueleza kuwa Enkai aliwashushia ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Kwa msingi huo, kumtunza ng'ombe ni wajibu wa kidini kabla ya kuwa kazi ya kujipatia riziki. Maziwa nayo yana taratibu zake: hukamuliwa na wanawake, huhifadhiwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi, na kwa desturi hayachanganywi na nyama.

Maandishi mengi ya zama za ukoloni yaliziweka desturi za namna hii katika fungu la ushirikina. Mfano wa nyumbu unaonesha kasoro ya mtazamo huo. Wafugaji wa Kimaasai waliamini kuwa nyumbu anapozaa, kondo la nyuma na manyoya ya ndama huchafua malisho na kuua ng'ombe. Kwa hiyo, majira hayo yalipofika, waliondoa mifugo katika mbuga za nyasi fupi. Mwaka 1960, Walter Plowright na wenzake, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Kenya, walibaini kuwa nyumbu ndiye mbebaji wa virusi vya ugonjwa huo. Ilikuja kudhihirika kuwa virusi hutoka hasa katika kamasi na machozi ya ndama wa nyumbu, wala si katika kondo. Wafugaji walikosea njia ya maambukizi, lakini hawakukosea mnyama, majira wala kinga.

Hata hivyo, haifai kudhani kuwa maarifa ya jadi yalitosha kwa kila janga. Sotoka ilipoingia Umaasaini mwanzoni mwa miaka ya 1890, ng'ombe waliangamia kwa wingi. Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamaasai waliodhoofika kwa njaa. Ugonjwa huo ulikuwa mgeni. Hapakuwa na kumbukumbu ya vizazi ya namna ya kuuepuka.

Magonjwa haya mawili yalikuja kuungana katika historia moja. Kampeni za kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka katikati ya karne ya 20 ziliwanusuru pia nyumbu, kwa kuwa ng'ombe hawakuendelea kuwaambukiza. Idadi ya nyumbu wa Serengeti ikapanda kutoka takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Malisho bora ya masika yakawa hatari, na wafugaji wa Ngorongoro wakalazimika kubaki na ng'ombe wao nyanda za juu. Kwa kuwa wakati huo hapakuwa na chanjo iliyofaa dhidi ya ugonjwa wa nyumbu, desturi iliyodharauliwa ndiyo iliyobaki kuwa kinga.

Kwa hiyo, kuzitenganisha imani na maarifa katika historia ya ufugaji ni kupoteza vyote viwili. Imani iliwapa wafugaji sababu ya kutii. Uzoefu wa vizazi uliwapa jambo la kutii.