Jeli inayojiunga yenyewe: ni nini, na inaweza kusaidia wapi?

Hidrojeli ni kitu laini chenye maji mengi, yanayoshikwa na nyuzi ndogo sana zilizofungamana kama wavu. Ndiyo inashika mkojo ndani ya pampasi za watoto. Ile ya kawaida ikikatika, haiungane tena. Lakini ziko zingine zinazojiunga zenyewe.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, huko Marekani, walionyesha moja. Nyuzi zake ziko na mikono midogo. Vipande viwili vikikutana ndani ya asidi, mikono inashikana, na kwa sekunde chache vinakuwa kimoja. Ndani ya maji ya alkali, aina ya maji ya majivu, vinaachana.

Tumbo liko na asidi. Ndiyo maana walifikiria kuziba tundu la tumbo ama kupeleka dawa penye kidonda. Inaweza pia kuziba chombo cha asidi kinachovuja.

Lakini hiyo ilikuwa kazi ya maabara, si dawa ya kumeza. Mwenye vidonda vya tumbo aende kwa munganga. Akiuziwa «jeli ya kuziba tumbo» sokoni, asinunue.