Kuteleza si Kuanguka: Nafasi ya Fikra katika Tiba ya Uraibu wa Heroini

Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni waraibu wa heroini. Huduma hiyo ilienea Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoa mingine ya Tanzania. Kwa kawaida mgonjwa hufika dirishani kila siku, hupewa dawa ya maji kikombeni, huinywa mbele ya mhudumu, kisha huongea kidogo ili ijulikane ameimeza. Kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini zaidi ya siku moja, huzuia arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, na kumpa mtu nafasi ya kufanya kazi na kurudi kwa familia yake. Makala haya yanatetea hoja kwamba nafasi hiyo haitoshi iwapo mgonjwa hafundishwi kuzijibu fikra zinazomrudisha kwenye unga.

Katika miaka ya 1960, daktari wa akili Aaron Beck wa Philadelphia alibaini kwamba wagonjwa wa sonona hupitiwa na fikra za ghafla wanazoziamini bila kuzihoji. Mraibu naye hupitiwa na fikra za namna hiyo, na iliyo hatari kuliko zote huja baada ya kosa la kwanza. Tuchukue mfano wa kijana aliyekaa miezi minne bila kutumia. Siku ya malipo anapita maskani ya zamani, anakutana na wenzake, anavuta kete moja ya heroini. Kabla hajafika nyumbani anajiambia: “Nimeshaharibu. Mimi ni teja tu, na maji yakimwagika hayazoleki.” Aibu inamkaba, na njia anayoijua ya kuituliza aibu ni kete ya pili. Mwanasaikolojia Alan Marlatt na mwenzake Judith Gordon walieleza mwaka 1985 kwamba tafsiri anayojipa mtu baada ya kosa huchangia kuamua iwapo ataishia hapo au atarejea kwenye matumizi ya awali.

Tafsiri hiyo yaweza kuua. Mwili uliokaa bila heroini wala methadoni hupoteza ustahimilivu wake, hivyo kipimo alichokimudu zamani chaweza kumzimisha pumzi. Anayesema “liwalo na liwe”, akaiacha methadoni na kurudia heroini, yumo katika hatari kubwa zaidi kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza tiba.

Stadi za kukabiliana na hali hiyo zinafundishika. Mgonjwa huandika tukio, fikra iliyomjia na hisia iliyofuata. Kisha huuliza ni ushahidi gani unaoiunga mkono fikra hiyo na upi unaoipinga. Kijana wetu angeandika kwamba kete moja haifuti miezi minne, na kwamba kesho asubuhi dirisha la dawa litafunguliwa kama kawaida. Mgonjwa hujifunza pia kwamba hamu ya kutumia hupanda, hufika kilele, kisha hushuka hata isipotimizwa. Kwa hiyo huahirisha, huondoka mahali pale, humpigia simu mtu anayemwamini.

Wapo watakaosema uraibu ni ugonjwa wa ubongo, na kwamba mazungumzo hayautibu. Ni kweli kwamba methadoni ndiyo nguzo ya tiba hii, na si haki kumnyima mtu dawa kwa sababu hakuhudhuria ushauri nasaha. Lakini ubongo huohuo ndio unaofikiri, na dawa haimfundishi mtu la kufanya na aibu. Wengine watasema wanasaikolojia ni wachache. Zimbabwe imeshaijibu hoja hiyo: tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza kina bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye sonona na wasiwasi na kuwasaidia kutatua matatizo yao, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za wagonjwa zilipungua. Ingawa huduma hiyo haikubuniwa kwa ajili ya uraibu, inathibitisha kwamba stadi za aina hii zaweza kufundishwa na watu wasio wataalamu.

Jamii nayo ina deni. Familia inaposema “teja ni teja tu”, inampa mgonjwa fikra ileile inayomwangamiza. Kwa hiyo kliniki za methadoni ziwafunze wahudumu wa jamii na waraibu waliopata nafuu kufundisha stadi hizi, na ziwaalike ndugu katika mafunzo hayo. Mgonjwa aliyeteleza apokewe siku hiyohiyo bila kukaripiwa, kwa sababu kumfukuza siku hiyo ni kumsukuma kwenye kifo.