Uanagenzi wa Miti ya Dawa katika Uzaramo na Viunga vya Dar es Salaam

Maandishi mengi kuhusu uganga wa Uzaramo, yaani nchi ya Wazaramo inayoizunguka Dar es Salaam, yamejishughulisha na pepo, ramli na matambiko, na machache mno yameuliza swali lililo la msingi zaidi: mwanafunzi wa uganga aliujuaje mti, na nani alimfundisha kuuchimba pasipo kuuua? Swali hilo lina uzito kwa sababu elimu ya miti shamba haikupata kuwa elimu ya maneno matupu, bali ilikuwa uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya uangalizi wa fundi, na uanagenzi huo ulihitaji pori lililo karibu kiasi cha kuendewa na kurudiwa kwa miguu katika kila msimu.

Mwanafunzi alimfuata mganga mkongwe, mara nyingi mtu wa ukoo wake, akambebea mkoba, ambao ni mfuko wa dawa na vifaa vya kazi, hata siku alipokubalika akakabidhiwa mkoba wake mwenyewe kama idhini ya kutibu. Na hata wale waliosemekana kuitwa kwa ndoto au kwa kupandwa na pepo, kwa kawaida walipitia mikononi mwa mganga aliyewatangulia. Alichojifunza porini kilikuwa kingi: kuutambua mjafari kwa miiba iliyoota juu ya vifundo vya shina lake, kuutofautisha mkwamba na vichaka vinavyofanana nao wakati wa kiangazi ambapo majani yamepukutika, kujua kwamba mdaa unatakiwa mzizi na mtopetope pori unaweza kutoa dawa kwa jani pia. Haya hayakuwa ya waganga peke yao, kwani Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi kijijini Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ibada za Wazaramo mwaka 1970, alionyesha jinsi mti wa mkole ulivyokuwa kiini cha mafunzo ya mwali, hivi kwamba msichana wa Kizaramo aliingia utu uzima akiwa amefundwa kwa kupitia mti ulio hai.

Miongoni mwa desturi za uchimbaji, moja inastahili kutazamwa kwa makini. Waganga wengi wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini hubandua gome upande wa mashariki na upande wa magharibi tu, wakieleza kwamba nguvu ya dawa hutokana na jua linapochomoza na linapotua, na sehemu nyingine ya shina huachwa bila kuguswa. Sayansi ya mimea inafahamu kwamba mirija inayoshusha chakula kutoka majanini kwenda mizizini imo ndani ya gome, na kwamba mti uliochunwa gome mzunguko mzima mizizi yake hukosa chakula na hatimaye hufa. Kwa hiyo mwanagenzi aliyefuata masharti ya mashariki na magharibi aliuhifadhi mti hata kama neno hifadhi halikutamkwa. Si haki kusema kwamba kila mwiko ulikuwa na hekima ya namna hiyo, kwa kuwa watu walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa, na uchimbaji wa ovyo usingeonekana madhara yake upesi. Lakini ni haki kusema kwamba namna ya kuchuma ilikuwa sehemu ya somo, na mwanafunzi aliyeikosea alihesabiwa kuwa hajahitimu.

Utawala wa Wajerumani ulileta mafunzo ya aina nyingine. Mwaka 1893 ilianzishwa Dar es Salaam bustani ya majaribio chini ya Franz Stuhlmann, na mwaka 1902 ikafuata taasisi ya Amani katika milima ya Usambara, ambako mimea ya biashara na ile ya dawa kama sinkona, mti unaotoa kwinini, ilioteshwa kwenye vitalu na vibarua Waafrika waliojifunza kuandaa udongo, kuhamisha miche na kupandikiza. Huko Amani mtaalamu wa mimea Karl Braun aliandika majina na matumizi ya mimea kwa kuwauliza wenyeji, na mwaka 1937, wakati wa Waingereza, P. J. Greenway alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Kazi hizo zina thamani kubwa hadi leo, lakini ndani yake mwenyeji ni mtoa habari, hahesabiwi kuwa mwalimu, na miti iliyotunzwa kitaluni ilikuwa zaidi ile ya kigeni iliyotazamiwa kuleta fedha. Wakati huohuo mganga alitazamwa kwa shaka: Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, alinyongwa mwanzoni kabisa mwa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, na sheria ya uchawi ya mwaka 1928 iliwafanya wengi waifanye kazi yao kwa kificho, hali ambayo haimsaidii mwalimu yeyote anayetaka kutembea porini na wanafunzi wake mchana kweupe.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika, na badiliko la kwanza limo katika sheria ya madaktari ya mwaka 1968, ambayo haikuzuia tiba ya kienyeji iwapo mtoaji wake anatambuliwa na jamii yake kuwa amefunzwa kazi hiyo ipasavyo. Kifungu hicho hakijapewa heshima inayokistahili, maana kwacho dola ilikubali kwamba uanagenzi wa kijijini ni mafunzo, na kwamba jamii yenyewe ndiyo inayotoa shahada. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, kilichopandishwa hadhi kuwa Taasisi ya Tiba Asili mwaka 1991. Watafiti wake, akiwamo E. N. Mshiu, walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, katika kuorodhesha mimea ya dawa ya Tanzania, orodha iliyochapishwa kwa sehemu miaka ya 1982 na 1983. Kisha ikaja Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye jukumu la kuwasajili waganga. Kwa hatua hizi zote mganga aliandikishwa, na mmea ulikaushwa, ukabanwa katika karatasi na kuwekwa katika hebaria, yaani makusanyo ya sampuli za mimea. Mmea wenyewe ulio hai haukuwa na msajili.

Nao ulikuwa ukitoweka. Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821 katika sensa ya mwaka 1967, ikawa na 2,487,288 mwaka 2002 na 5,383,728 mwaka 2022, na viunga kama Bunju, Mbezi, Mbagala na Chamazi, vilivyokuwa mashamba ya mihogo, minazi na vichaka, vikageuka viwanja vya makazi. Lloyd Swantz, aliyechunguza uganga mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikadiria waganga wapatao 700. Yaani kazi yenyewe ilihamia mjini na kustawi, ilhali pori lake lilisogezwa mbali na kukatwa mkaa. Misitu iliyobaki iliwekwa chini ya ulinzi: Pande, yenye kilomita za mraba zipatazo 12, ilifanywa pori la akiba mwaka 1990, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo ina mimea ya nadra kiasi kwamba *Baphia puguensis* na *Millettia puguensis* imeitwa kwa jina la Pugu, ilipandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2020. Ulinzi huo ulikuwa wa lazima, na pasipo huo huenda leo pasingebaki kitu. Hata hivyo ulimgeuza mwanagenzi anayeingia na jembe kuwa mvamizi, naye akalazimika kuijua dawa sokoni, Kariakoo au Tandika, ikiwa gome kavu au unga ndani ya chupa. Anayejifunza hivyo anaweza kukariri kipimo na ugonjwa, lakini hawezi kuutambua mti porini wala kujua kama gome alilouziwa lilibanduliwa pande mbili au mzunguko mzima.

Kwa sababu hiyo mafunzo ya kitaluni, ambayo zamani hayakuhitajika kwa kuwa pori liliotesha lenyewe, yamekuwa sehemu ya lazima ya uganga na ya famasia pia. Kazi hiyo ina ugumu wake. Mkwaju hauna shida, kwani mbegu zake zikilowekwa huota vizuri ndani ya viriba, vile vifuko vya plastiki vinavyojazwa udongo na mboji. Mbuyu unahitaji ganda la mbegu lilainishwe au likwaruzwe. Lakini mjafari, ambao ndio unaochimbwa sana kwa ajili ya homa, mbegu zake ni ngumu kuota, na anayeushughulikia hujifunza uvumilivu kabla ya kujifunza jambo jingine lolote. Inafaa pia kukumbushwa kwamba mwarobaini na mlonge, miti miwili inayojaa katika nyua za Temeke na Kinondoni na kusifiwa kuwa dawa za asili, asili yake ni Bara Hindi, kwa hiyo kuipanda kwa wingi hakuirudishi miti ya Uzaramo.

Kwa upande wa mafunzo rasmi, wanafunzi wa vyuo hutumwa katika mafunzo kwa vitendo, na huko Muhimbili wapo wanaosomea shahada ya uzamili ya uendelezaji wa dawa za asili. Aidha, kituo cha tiba asili cha Mabibo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichojulikana mno mwaka 2020 kwa dawa ya NIMRCAF wakati wa janga la UVIKO-19, kimeonyesha jinsi mahitaji ya malighafi yanavyoweza kupanda ghafla. Kinachokosekana ni mganga mkongwe kukaa kitaluni kama mkufunzi anayelipwa, badala ya kuhojiwa mara moja na kuagwa, pamoja na kibali cha kumwingiza mwanagenzi katika hifadhi kwa ajili ya kukusanya mbegu, si mizizi. Linakosekana pia shamba. Mpingo, kwa mfano, huchukua miongo mingi kukomaa, na mti wa namna hiyo hauwezi kupandwa na mpangaji wa Mbagala wala katika kiwanja kinachosubiri kujengwa. Unahitaji ardhi ya taasisi isiyouzwa, kama viwanja vya shule, vya misikiti na makanisa, au eneo la Mloganzila ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilipewa ekari zipatazo 3,800.